UZI: Mbu naye ana kinga ya mwili. Tujadili kinachofanyika Bagamoyo na Mbita bila kutishana

Fundi Darubini (mleta uzi)

Wakuu salaam. Wiki hii kwenye jukwaa la siasa kulikuwa na mada ya "mbu wa maabara wa Bagamoyo", wale waliobadilishwa jeni ili wasieneze malaria. Kurasa nyingi za matusi, sayansi kiduchu. Mimi nimefanya kazi ya kufuga mbu kwa miaka: kulea viluwiluwi, kulisha mbu damu, kuwapasua na kuhesabu vimelea. Sina uprofesa. Ila mada hii naijua kwa mikono, na nyingine nimeisoma kwa kuwa nilitaka kuelewa ninachokiona kwenye darubini. Nashusha hapa, atakayeuliza ataulizwa na yeye.

Kwanza mjue kwamba mbu anapambana na malaria kuliko tunavyompa sifa. Anopheles jike, yaani mbu wa malaria, akimnyonya mtu mwenye vimelea vya ile hatua ya dume na jike, anameza vingi, mara nyingine maelfu. Vinakutana tumboni mwake, linatungwa yai lenye uwezo wa kutembea. Yai hilo lina kama siku moja tu litoboe ukuta wa tumbo na kutokea upande wa pili, vinginevyo linasagwa pamoja na damu. Na hapo ukutani ndipo panapokufa wengi. Mbu wa porini ukimpasua, ukakuta vifuko vya vimelea viwili au vitatu (yai likishatoboa ukuta hugeuka kifuko), huyo tayari ameambukizwa vya kutosha. Wengi hukuti hata kimoja.

Kinachoua ni kinga. Mbu hana kingamwili kama zetu, wala huwezi kumchanja. Ana maji ya mwili yanayozunguka bila mishipa, yana seli zinazomeza wavamizi, na yana protini zinazoelea humo zikisubiri. Anayejulikana sana ni TEP1, ndugu wa mbali wa protini ambazo hata sisi tunazo kwenye damu. Yai la kimelea likishatoboa ukuta, TEP1 inaling'ang'ania. Wale wa mjini mtanielewa: ni ile alama ya X nyekundu kwenye nyumba iliyojengwa ndani ya hifadhi ya barabara. Ukishapigwa X, tingatinga linakuja, ni suala la muda. Mwaka 2004 watafiti walizima jeni ya TEP1 kwenye mbu wa gambiae, aina ya Anopheles wa Afrika, wakawalisha malaria ya panya, vifuko vikaongezeka kama mara tano. Tena kabla ya hapo, 1986, timu ya Frank Collins huko Marekani ilikuwa imeshapata ukoo wa gambiae unaovifunika vimelea kwa utando mweusi mpaka vinakufa. Wameuzalisha kwa kuchagua tu, kizazi baada ya kizazi, kama wafugaji wanavyochagua dume la ng'ombe. Hakuna jeni iliyoguswa.

Sasa swali la msingi: kama anaua hivyo, mbona wodi za watoto zinajaa?

Sababu ya kwanza, hesabu. Kifuko kimoja kikikomaa kinapasuka na kumwaga maelfu ya vimelea, vinaogelea hadi kwenye tezi za mate. Mbu anaweza kuua asilimia kubwa kabisa, akabakiza kimoja, na hicho kimoja kinatosha. Sababu ya pili ni uhuni wa kimelea. Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria kali, ana jeni inaitwa Pfs47, ilielezwa mwaka 2013, inamwezesha kupita bila TEP1 kumwona. Na kuna toleo tofauti la jeni hiyo kwa kila bara: falciparum wa Afrika akiingia kwenye mbu wa Amerika asiyemzoea, mara nyingi anakamatwa. Kwa gambiae wetu anapita. Wamekaa pamoja muda mrefu mno, wanajuana.

Kwa hiyo utafiti wa sasa unauliza: tunaweza kumsaidia mbu amalizie hicho kimoja kilichobaki? Njia ziko nyingi, nitazigusa tukiendelea. Uwanja ni wenu.

---

Chuma Chakavu

Mkuu kabla hatujaenda mbali. UNAMPASUAJE MBU??? Kisu gani hicho?

---

Fundi Darubini

Hahaha. Sindano mbili nyembamba na tone la maji ya chumvi juu ya kioo. Mbu unampoza kwenye friji kwanza alale. Unambana kifuani kwa sindano ya kushoto, ya kulia unashika pingili mbili za mwisho za tumbo, unavuta polepole. Ukivuta kwa pupa linakatika, umepoteza sampuli. Ukienda taratibu utumbo unatoka mzima, mweupe, laini. Unadondoshea merkurokromu, ile dawa nyekundu bibi zetu walipaka vidonda, unasubiri kidogo, unaweka chini ya darubini. Siku ya saba au ya nane baada ya kulishwa ndiyo nzuri: vifuko vinaonekana duara, vina chembe za kahawia ndani. Hizo chembe ndizo zinazokuhakikishia ni kimelea, si uchafu. Wengine walikuwa wanapasua mbu mia kwa asubuhi. Mimi mgongo ulikuwa unanigomea.

---

Mama Pacha_Ifakara

Mimi muuguzi, niko huku bondeni Kilombero. Fundi umeeleza vizuri, ila nina neno. Huku kwetu gambiae si tatizo kubwa tena. Watafiti waliopita vijijini walituambia anayeng'ata na kuambukiza ni funestus, aina nyingine ya Anopheles, zaidi ya asilimia 85 ya maambukizi ya Kilombero na Ulanga. Huyo yuko ndani ya nyumba, ana usugu wa dawa za neti, na mazalia yake ni madimbwi yenye maji mwaka mzima, kiangazi yupo. Sasa hao mbu wa Bagamoyo ni gambiae au funestus? Maana kama ni gambiae, mtoto wangu wa wodini anafaidika nini?

---

Fundi Darubini

Dada umegonga penyewe. Ni gambiae.

Niweke wazi kilichofanyika ndio tujadili. Taasisi ya Afya Ifakara na Chuo cha Imperial cha London wana mradi wa pamoja, na maabara yenye ulinzi mkali ilijengwa Bagamoyo. Walichofanya ni kuingiza kwenye mbu vipande viwili vya protini ndogo zinazoua vijidudu. Kimoja kinaitwa magainin, asili yake ni ngozi ya chura wa Afrika mwenye makucha. Kiligunduliwa 1987 na Michael Zasloff, aliyejiuliza kwa nini vyura aliowapasua na kuwashona wanapona vizuri kwenye maji machafu bila vidonda kuoza. Cha pili ni melittin, kimo kwenye sumu ya nyuki. Mbu akinywa damu, tumbo lake linatoa hizo protini mbili pamoja na vimeng'enya vya kusagia chakula.

Hazimuui kimelea papo hapo. Zinamchelewesha. Vifuko vinabaki vidogo, vinakomaa kwa kuchelewa. Na uzuri wake uko kwenye maisha mafupi ya mbu: kimelea kinahitaji kama siku 10 hadi 14 kufika kwenye mate, na mbu wengi wa porini hawafikishi umri huo. Ukichelewesha siku chache, mbu anakufa kabla hajawa hatari. Tena majike wenye jeni hiyo wanaishi muda mfupi kidogo kuliko wenzao, kwa hiyo faida inaongezeka.

Kazi ya London ilitoka 2022. Desemba 2025 ikatoka ya Tanzania kwenye jarida la Nature: mbu waliotengenezwa hapahapa, wamelishwa damu ya watoto wa hapahapa wenye malaria ya kweli. Hilo ni jambo kubwa, maana vimelea vya maabara vimefugwa miaka mingi na vinaweza kuwa laini kuliko vya mtaani. Mbu wamebaki ndani, hakuna aliyeachiwa.

Kuhusu funestus, jibu ni kwamba kwa Kilombero peke yake mbu huyu hatoshi. Itabidi kazi ile ile ifanywe kwa funestus, na funestus ni mgumu kumfuga maabara. Ukimleta kutoka porini hataki kujamiiana kwenye kizimba, ukoo unakufa. Anayesema mbu mmoja aliyebadilishwa atamaliza malaria Tanzania anauza mbuzi kwenye gunia.

---

Mzee wa Mkuranga

Vijana, shikamooni hamsemi, haya. Mimi nimesoma nikachoka. Chura, nyuki, mbu, mnachanganya viumbe vya Mungu kwenye chungu kimoja. Halafu majaribio hufanyika Afrika tu. Kwa nini wasiwaachie huko kwao kwanza?

---

Fundi Darubini

Shikamoo mzee wangu, samahani.

Huko kwao wameachia. Mwaka 2021 kampuni ya Oxitec iliachia mbu waliobadilishwa jeni visiwa vya Florida, Marekani, ingawa hao ni mbu wa dengue. Australia wamekuwa wakiachia mbu wenye bakteria tangu 2011, Townsville na Cairns, watu wanaishi nao. Kwa malaria wanakuja Afrika kwa sababu malaria iko Afrika: mwaka 2023 duniani walikadiriwa wagonjwa milioni 263 na vifo 597,000, na karibu vyote ni huku kwetu. Ukitaka kujaribu dawa ya samaki lazima uende ziwani.

Ila swali lako la kuchanganya viumbe silidharau. Ndiyo maana kuna njia nyingine ambayo haitumii protini ya mnyama mwingine kumzuia kimelea. Wapo wataalamu wa Marekani waliogusa herufi moja tu ya jeni ya mbu mwenyewe, jeni inaitwa FREP1. Kuna toleo lake ambalo tayari lipo kwa baadhi ya mbu porini, lina tofauti ya asidi amino moja, na kimelea kinashindwa kutoboa tumbo. Wakalisambaza kwenye mbu wa stephensi, Anopheles wa Asia, kizimbani. Matokeo yalitoka 2025. Hapo hakuna chura wala nyuki.

---

Wakili Asomaye

Mleta uzi, sayansi tumekuelewa. Mimi naona tatizo kwenye neno ulilolipita haraka: kusambaza. Jeni ya kawaida inarithiwa na nusu ya watoto. Hii teknolojia ya kusukuma jeni inahakikisha karibu watoto wote wanairithi, kwa hiyo inaenea yenyewe kijiji hadi kijiji. Mbu wa Tanga hatauliza pasi ya kusafiria Lungalunga. Nani atasaini kwa niaba ya Kenya? Nani kwa niaba ya Msumbiji?

Na historia iko wazi. Kwetu hapa mwaka 2018 serikali iliamuru jaribio la mahindi ya GMO (yaliyobadilishwa jeni) la Makutupora, Dodoma, lisimame na masalia yateketezwe. Burkina Faso wao Agosti 2025 walisimamisha shughuli zote za mradi wa Target Malaria, mradi uliokuwa umeshaachia mbu dume tasa kijiji cha Bana mwaka 2019 kwa ridhaa ya wanakijiji. Ridhaa ya kijiji ilikuwepo, na bado ukafungwa. Kwa hiyo msidhani sayansi ikishinda maabara imemaliza.

---

Fundi Darubini

Wakili, nakubaliana nawe karibu kote. Nyongeza moja: teknolojia ya mbu wa Bagamoyo imekatwa vipande makusudi. Jeni ya chura na nyuki iko kwenye ukoo mmoja, na ule mkasi wa CRISPR (kifaa cha kukata na kuhariri jeni) unaosukuma urithi uko kwenye ukoo mwingine. Ukoo wa kwanza ukiwa peke yake hausambai, unarithiwa kawaida tu. Lazima wakutanishwe kwenye kizimba ndipo msukumo uanze. Hiyo ndiyo kufuli yao. Inatosha kwa maabara. Kwa nje nadhani hoja yako ya mipaka haijajibiwa na mtu, na sioni sababu ya kuharakisha mpaka nchi za ukanda zikae meza moja.

---

Okello_NyanzaGulf

Wadau wa Bongo habari. Mimi ni wa Homa Bay, na nashangaa mko jibu la nane na hamjataja yetu. Pale Mbita kwa ziwa kuna kituo cha icipe, wale watafiti wa wadudu. Hao hawakutengeneza kitu. Walishika mbu wa arabiensis, ndugu wa gambiae, wakapata ndani yake kuna kijidudu kidogo cha jamii ya kuvu, wakakiita Microsporidia MB. Mbu aliye na hicho kijidudu hapitishi malaria. Ilichapishwa 2020. Na mbu mwenyewe hakonji, anaishi kawaida, anataga kawaida.

Nilienda siku ya wazi, wakatuonyesha. Mama akiwa nacho anapatia watoto kupitia mayai. Na kuna kingine walipata mwaka uliofuata: dume na jike wakipandana, kijidudu kinapita pia. So unaweza achilia madume peke yao. Hakuna jeni, hakuna chura. Serikali itakataa nini hapo?

---

Fundi Darubini

Okello karibu, nilikuwa naiweka akiba. Kwangu hii ndiyo kazi inayonivutia kuliko zote, na sisemi hivyo kwa ujirani.

Ona jinsi walivyoipata. Walikuwa wanachunguza mbu wa Mbita na wa mashamba ya mpunga ya Mwea, wakaona wale wenye kijidudu hiki hawana vimelea vya malaria, wakaenda kulisha mbu damu yenye vimelea kuthibitisha. Kimekuwepo siku zote kwenye mbu wa pale, kwa kiwango kidogo tu. Wazo ni kukipandisha kiwango. Namna hasa kinavyokizuia kimelea bado inachimbwa, na moja ya njia zinazofikiriwa ni kuiamsha kinga ya mbu kabla kimelea hakijaingia.

Ugumu wake uko kwenye uzalishaji. Bakteria unamlea kwenye chupa. Hiki kinakaa ndani ya seli za mbu, na ukitaka kingi inabidi ulee mbu wenyewe wengi. Nani amelea viluwiluwi anajua: sinia la maji, chakula cha samaki kidogo, ukizidisha maji yanaoza na wote wanakufa usiku mmoja. Madume unayatenga na majike wakiwa kwenye hatua ya pupa, kabla hawajawa mbu wa kuruka, mmoja mmoja chini ya darubini kwa umbo la ncha ya mkia. Kufanya hivyo kwa mamilioni ni kiwanda.

---

Mama Pacha_Ifakara

Kuna kitu nilisikia semina nikakiona cha ajabu: eti dawa za antibayotiki tunazotoa wodini zinamsaidia mbu kuambukiza. Ni kweli au ni stori?

---

Fundi Darubini

Ni kweli, na ipo kwenye utafiti wa 2015 uliofanyika Burkina Faso na vimelea vya watoto wa pale. Tumbo la mbu limejaa bakteria. Akinywa damu bakteria wanafumuka kwa wingi, kinga yake inashtuka, na ikishashtuka inampiga na kimelea kwa bahati. Damu ikiwa na penisilini na streptomisini, bakteria wanapungua, kinga inalala, kimelea kinapita kirahisi zaidi. Na mbu huyo aliishi muda mrefu zaidi. Bila shaka dada usiache kutoa dawa kwa mtoto mwenye nimonia! Kinachohitajika ni mgonjwa wa antibayotiki kulala ndani ya chandarua pia.

Na kuna upande wa pili wa sarafu. Mwaka 2011 watafiti walipata kwenye mbu wa Macha, Zambia, bakteria anayetoa kemikali kali za oksijeni zinazoua kimelea moja kwa moja tumboni. Mwaka 2023 kukatoka mwingine, Delftia, aliyegundulika kwa bahati huko Hispania baada ya mbu wa maabara "kugoma" kuambukizwa. Huyo anatoa kemikali inaitwa harmane, na alipojaribiwa alipunguza vimelea kwa hadi asilimia 73. Unampa mbu kwenye pamba yenye maji ya sukari, basi.

---

Binti wa Chumbageni

Samahani kwa swali la mwanafunzi. Mbona yote ni malaria? Dar 2014 na 2019 watu walilala na kidingapopo (dengue), na Mombasa huwa wanapigwa pia. Huyo mbu wa mchana wa kwenye matairi na ndoo hana kinga ya kuchezewa?

---

Fundi Darubini

Anayo mwanangu, na kwake ndiko mafanikio yameonekana nje ya maabara kwanza.

Kuna bakteria anaitwa Wolbachia, anaishi ndani ya seli za wadudu wengi sana duniani, inakadiriwa karibu nusu ya spishi. Aedes aegypti, ndiye huyo mbu wako wa mchana, hana kwa asili. Timu ya Scott O'Neill wa Australia ikamchukua kutoka kwenye nzi wadogo wa matunda ikampandikiza kwenye mayai ya Aedes kwa sindano nyembamba kuliko unywele. Ndani ya Aedes anafanya kazi mbili. Anaiamsha kinga, na anagombania mafuta ambayo kirusi cha dengue kinahitaji ili kuzaliana. Pia ana ujanja wa kujieneza: dume mwenye Wolbachia akimpanda jike asiye naye, mayai hayaanguliwi. Jike mwenye naye anaangua kama kawaida. Baada ya miezi kadhaa mtaa mzima ni wake.

Walijaribu Yogyakarta, Indonesia. Mji uligawanywa vipande 24, nusu wakaachia mbu, nusu hawakuachia. Matokeo ya 2021: dengue ilipungua kwa asilimia 77 na kulazwa hospitalini kwa asilimia 86. Sijui dawa ya kupuliza iliyowahi kukaribia hapo. Kwa Dar mimi ningependa kuona jaribio hilo kabla ya lolote la jeni, kwa sababu tayari lina ushahidi wa mtaani na Wolbachia haishiki kwa binadamu.

Kumhamishia kwa Anopheles wa Afrika ndiko kumekuwa kugumu. Mbu hao hawampokei kirahisi kizazi hata kizazi.

---

Chuma Chakavu

Kwa hiyo mimi wa Mbagala nifanye nini leo, nisubiri chura au nisubiri nzi wa matunda?

---

Mama Pacha_Ifakara

Weka neti mwanangu. Na angalia ni neti gani. Kule Misungwi, Mwanza, walizijaribu aina tofauti, matokeo yakatoka 2022. Neti zenye pairethroidi (dawa ya kawaida ya neti) pamoja na klorfenapiri (dawa nyingine ya kuua wadudu) zilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 44 kwa miaka miwili ukilinganisha na zile za pairethroidi pekee. Hiyo ni kwa sababu mbu sugu wa pairethroidi hana usugu wa klorfenapiri, inampiga kwenye mitambo yake ya nguvu. Na mwaga maji ya kwenye ndoo na makopo, huyo wa dengue ni wa kwenu mjini. Hao wa Fundi wataikuta neti iko kitandani.

---

Fundi Darubini

Naunga mkono. Hata wenyewe wa Bagamoyo hawajasema neti ziondolewe. Na tusisahau kiwanda cha Kibaha kile kinachotengeneza dawa ya kuua viluwiluwi kwa bakteria wa Bti. Yule bakteria anatengeneza fuwele ya protini, kiluwiluwi anaila, inapasua utumbo wake. Binadamu na samaki hawaguswi. Shida yake ni kufika kwenye kila dimbwi. Dar inawezekana mkijipanga mtaa kwa mtaa. Bonde la Kilombero wakati wa masika, hapana.

---

Wakili Asomaye

Fundi, swali la mwisho kutoka kwangu. Kimelea kilijifunza kupita kwenye TEP1. Si kitajifunza kupita kwenye chura na nyuki pia?

---

Fundi Darubini

Kitajaribu, hilo naliamini kabisa. Ndiyo maana waliweka protini mbili badala ya moja, na inadhaniwa zinavuruga namna kimelea kinavyopata nishati, sehemu ambayo si rahisi kuibadilisha bila kujiumiza. Ila ukiniuliza binafsi, hapa ndipo ningewabana kabla hawajaruhusiwa kutoka kizimbani. Ningetaka kuona vimelea vya kutoka Kigoma, Mtwara na Geita vimejaribiwa, si vya Bagamoyo peke yake. Na ningetaka kuona kizazi cha kumi na kizazi cha ishirini cha mbu hao, jeni bado inafanya kazi au imeshapoa. Kubwa kuliko yote, nataka nione funestus.

---

Okello_NyanzaGulf

Na ya Mbita je? Kimelea hakiwezi jifunza pia?

---

Fundi Darubini

Inawezekana. Tofauti yake ni kwamba kijidudu nacho ni kiumbe hai, kinaweza kubadilika sambamba nacho. Wala sitaapa.

---

Mzee wa Mkuranga

Nimefuatilia mpaka hapa. Huyo dume wa Okello anang'ata?

---

Fundi Darubini

Hapana mzee. Dume wa mbu hang'ati, anakula maji matamu ya maua.

---

Mzee wa Mkuranga

Basi hao madume wa ziwani mkinihakikishia kijidudu hakiingii kwa mtu, waleteni Mkuranga, mimi nitasimama mkutano wa kijiji niwatetee. Wa chura bado. Hao waje wenyewe kijijini na karatasi zao, wakae chini ya mwembe, waulizwe maswali na wanawake maana ndio wanaolala na watoto wagonjwa, halafu tupige kura. Na huyo wakili awepo asome yale maandishi madogo.

---

Wakili Asomaye

Nitakuja mzee. Nauli yangu mwenyewe.